Nyonga Yangu na Mandazi ya Mama

Kwenye harusi ya binamu yangu kule Ndanai, mama mmoja aliniona nikitembea kuelekea hema la chakula, akanifuata na kuvuta kiti karibu nami.

"Samahani mami," akasema, "naona huo mguu unaukanyaga polepole. Ulifanyiwa operesheni ya nyonga?"

Binti yake alikuwa nyumbani Sigor, amelala chali, skrubu mpya ndani ya mfupa, na hakutaka kuongea na mtu yeyote. Mama huyo alikuwa na maswali mengi, na kwaya ilikuwa inaimba karibu kabisa na masikio yetu. Nilimwahidi kwamba ningemwandikia. Nilipoanza kuandika nikafikiria watu wengine waliokaa kwenye mabenchi ya hospitali wakijiuliza maswali hayo hayo, kwa hiyo haya ni ya yeyote atakayeyahitaji.

Naitwa Chelangat. Kwetu ni upande wa Merigi, kaunti ya Bomet. Baba analima majani chai na kufuga ng'ombe wa maziwa. Tangu nikiwa mtoto, Mama ameendesha kantini ya shule ya upili ya kutwa ambayo baadaye nami nilisoma. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo, ana nyumba yake upande wa juu wa boma letu.

Nilizaliwa kabla ya siku zangu. Kogo husema nilikuwa mdogo hata waliokuja kuniona walimpa Mama pole badala ya pongezi. Kwa hiyo nilipoanza kujaa mashavu, hakuna aliyeona hatari. Waliona maombi yamejibiwa. Kogo alinijazia kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na nikikimaliza alinijazia kingine. Mama akitoka kantini alileta mandazi yaliyobaki, nami niliyala na chai ya sukari nyingi nikifanya homuweki. Nilipofika darasa la saba nilikuwa navaa nguo za Mama. Wageni walinishika mkono wakasema, "Huyu anakula vizuri," na sisi sote tulicheka kwa furaha.

Nchi yetu inajulikana kwa wakimbiaji. Mgeni akisikia unatoka Bomet anakutazama miguu kwanza. Mimi sikukimbia. Shuleni, saa ya michezo ilikuwa ya timu. Walioweza kuleta kikombe ndio waliopewa uwanja, jezi na mwalimu wa kuwapigia filimbi. Sisi wengine tulikaa kwenye nyasi tukiwashangilia, au tulikwenda kantini kwa Mama. Sikuona kama ni uonevu. Niliona ndivyo Mungu alivyogawa miguu.

Goti la kushoto lilianza kuuma nikiwa Kidato cha Kwanza. Asubuhi lilikuwa sawa. Kufikia saa ya kurudi nyumbani, nikipanda kile kilima kinachopita katikati ya shamba la jirani, lilikuwa linawaka, na wayo ulikuwa unaangalia pembeni kama wa bata. Kogo alilikanda kwa mafuta ya kondoo na maji moto. Zahanati walilibonyeza, hawakuona uvimbe, wakanipa dawa za maumivu. Shuleni mwalimu wa zamu aliniona nimechelewa paredi akasema nikipunguza kula nitapunguza kuchechemea. Wanafunzi walicheka. Mimi pia nilicheka, maana hiyo ndiyo njia ya haraka ya kufanya kicheko kiishe.

Hali hiyo iliendelea hadi mvua ndefu zilipoanza. Siku moja nikitoka shule niliteleza kwenye matope, kitu kidogo tu, kuteleza ambako mtu huinuka akijifuta sketi. Sikuinuka. Rafiki yangu Chebet alinivuta mkono, nikapiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Wachuma chai walikuja wakikimbia kati ya mistari, vikapu mgongoni. Walinibeba juu ya gunia hadi barabarani, wanaume na wanawake wakipokezana, wakiniambia, "Pole mtoto wetu, pole, tumefika." Nilikuwa mzito na njia ilikuwa utelezi, na hakuna hata mmoja aliyetaja uzito wangu. Hao ndio wa kwanza kwenye orodha ya watu ninaowaombea.

Hospitali tuliyopelekwa ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye korido, Mama akishika mguu wangu kwenye mapaja yake ili usiguswe na wapita njia. Kando yetu kulikuwa na mzee mwenye mkono uliofungwa leso na mama aliyekuwa akinyonyesha. Kila mlango ulipofunguliwa tuliinua macho sote pamoja, kisha tukayashusha sote pamoja. Yule mama aliyekuwa akinyonyesha alitoa ndizi kwenye mfuko wake akanigawia nusu bila kuniuliza kama nina njaa.

Wakapiga picha ya goti. Goti lilikuwa zima. Baba, ambaye hana maneno mengi, aliuliza, "Sasa kama goti ni zima, mbona mtoto hawezi kuinuka?" Daktari kijana alisimama kando yangu, akaukunja mguu wangu polepole, akauona unavyokimbilia nje, akasema, "Hebu tupige ya nyonga."

Hapo ndipo ukweli ulipotokea. Sitajaribu kueleza sayansi yake. Nitasema alivyosema yeye, akituonyesha picha dirishani: mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya nyonga, na kwa kijana anayekua, mahali kinapoungana na shingo ya mfupa huo bado ni laini. Kichwa cha mfupa wangu kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake. Maumivu yalikuwa ya nyonga ila yalijitangaza kwenye goti. Ni lazima nisikanyage tena hata hatua moja mpaka nifanyiwe upasuaji, la sivyo kichwa cha mfupa kingeweza kukosa damu na kufa.

"Kufa?" Mama akauliza.

"Mfupa, mama. Sio mtoto."

Mama alikaa chini kwenye sakafu, palepale.

Tulihamishwa hadi hospitali kubwa. Nilingoja zamu ya chumba cha upasuaji nikiwa nimelala chali, nikiangalia dari yenye doa la maji. Wakati wowote muuguzi alipopita na karatasi nilidhani ni mimi. Siku ya kuitwa, Baba alinivua kofia ya sufu niliyokuwa nimevaa, akaiweka mfukoni mwake. Nilipoamka alikuwa bado anaishika mfukoni.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ndogo. Alikuja jioni ile, akavuta kiti, akaongea na mimi kwanza kabla ya wazazi wangu. Sijasahau.

"Chelangat, tumefunga hiyo nyonga kwa skrubu. Imekaa vizuri. Sasa nina wasiwasi na ile nyingine. Ina hatari hiyo hiyo. Sababu ziko nyingi, na moja yao ni uzito ambao mifupa yako inabeba. Sikuambii ili ujilaumu. Nakuambia kwa sababu hapo ndipo tunaweza kusaidiana."

Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutaja mwili wangu bila kucheka wala kunisifu.

Lakini upande wa pili wa kitanda mambo yalikuwa yameharibika. Baba alimgeukia Mama, akasema kwa sauti ya chini ambayo wodi nzima iliisikia, "Ni hizo mandazi zako."

Mama alikunja shuka iliyokuwa tayari imekunjwa. Kwa siku zote zilizobaki wodini walikuja kwa zamu, hawakuja pamoja, na kila mmoja aliniuliza mwenzake amekula nini.

Nilirudi nyumbani na magongo mawili na amri ya kutokanyaga mguu wa kushoto. Ulikuwa msimu wa majani mengi, chai inachipuka kuliko mikono iliyopo, na mimi nilikuwa nimelala sebuleni kama gunia. Hili nataka binti wa Sigor alijue: usiogope kulia katika wiki hizo. Mguu wangu ulikonda ukawa mwembamba kuliko mwenzake. Ngozi ya kwapa ilichubuka kwa magongo. Nilikuwa msichana mkubwa niliyeanza kuona haya kama watu wazima, na Mama aliniogesha kama mtoto mchanga, kwenye beseni, akiimba nyimbo za kanisa ili nisisikie aibu. Siku moja alisimama ghafla katikati ya wimbo. Nikageuka nikaona anafuta macho kwa mkono wenye sabuni.

"Nilifurahi ulivyokuwa unakula," akasema. "Ulikuwa mdogo sana, Chelangat. Wewe hujui vile ulikuwa mdogo."

"Mama, sabuni imekuingia machoni."

"Acha iingie."

Chebet alipita kila jioni kunifundisha waliyosoma. Alikuwa mnene kama mimi, tena mchekeshaji, na aliigiza walimu mpaka Kogo alilazimika kushikilia meno yake ya bandia. Wachuma chai walituma salamu. Na mwalimu wa michezo, Madam Kwamboka, Mkisii aliyekuwa amehamishiwa kwetu mwanzoni mwa mwaka huo, alikuja kunitembelea akiwa amevaa gambuti zilizojaa matope. Alikaa, akanywa chai, akauangalia mguu.

"Ulikuwa unachechemea kwa uwanja wangu muhula mzima," akasema. "Na mimi nikadhani huyu hapendi michezo. Naomba msamaha."

Sijui walimu wangapi wangesema hivyo mbele ya nyanya wa mwanafunzi. Kogo alimwongezea chai papo hapo.

Nilirudi shule mvua ya mawe ilipokuwa inapiga chai, muhula wa pili ukielekea mwisho, bado na magongo. Mwalimu mkuu alikuwa ameguswa na yaliyonipata. Alikuwa mtu mwema na alitaka kufanya jambo. Kwa hiyo akatangaza kwamba shule yetu itapigana na unene. Wiki hiyo hiyo mizani ililetwa paredini. Wanafunzi walipangwa mstari, na kiranja akasoma kilo za kila mtu kwa sauti.

Mimi nilisamehewa kwa sababu ya magongo. Nilisimama kando nikaona yote. Wembamba walipigiwa makofi. Zamu ya Chebet ilipofika, kiranja alisoma namba, akarudia kana kwamba hakuamini, na upande wa wavulana ukalipuka. Chebet akafanya mzaha. Aliinua mikono kama bingwa wa ndondi. Kisha akatembea hadi nyuma ya maktaba, na nilipomfikia na magongo yangu alikuwa amekaa chini, akilia ndani ya sweta yake.

Kesho yake hakuja shule. Wala kesho kutwa. Nilipokwenda kwao mama yake aliniambia amekataa kula, na kwamba ameapa hatarudi pale tena.

Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Sikuwahi kujibu mwalimu. Lakini nilikuwa nimelala chali wiki nyingi nikiwaza, na nadhani mtu akikaa hivyo kuna woga fulani unaomwishia. Nilikwenda ofisi ya walimu, nikasimama mlangoni.

"Madam, ile mizani italeta ugonjwa mwingine."

Madam Kwamboka aliweka kalamu chini. "Ingia ukae. Niambie."

Nikamwambia yote. Kwamba Chebet hali chakula. Kwamba wasichana watatu wa darasa letu walijificha chooni siku ile. Kwamba mimi nilijua siku zote kuwa ni mnene, hakuna aliyehitaji kunisomea. Nilichokuwa sijui ni nifanye nini.

"Na wewe ungetaka tufanye nini?"

Nikasema lililonijia. "Saa ya michezo tunakaa. Tunawaangalia wale wa timu. Tungetaka na sisi uwanja."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyegundua amekalia kitu alichokuwa anatafuta. Akanishika bega, tukaenda wote kwa mwalimu mkuu. Mzee wa watu alitusikiliza hadi mwisho. Aliuliza nyumbani kwa Chebet ni wapi. Jioni hiyo alikwenda huko mwenyewe, na Chebet ananiambia hadi leo kwamba hajawahi kuona mtu mzima akitafuta maneno vile. Jumatatu Chebet alirudi shule. Mizani haikuonekana tena paredini. Aliyetaka kujua uzito wake alipimwa peke yake, mlango umefungwa, na muuguzi wa zahanati aliyeanza kuitembelea shule.

Mambo yaliyofuata yalikuwa madogo madogo. Muuguzi alituketisha chini ya paa la jukwaa akatuuliza sisi wanafunzi siku yetu inavyokwenda, tangu asubuhi hadi kulala. Tukashangaa kusikia midomo yetu ikisema mambo ambayo hatukuwahi kuyafikiria. Kipindi cha mazoezi ya viungo cha darasa kilikuwa kwenye ratiba ila kilikuwa kimegeuzwa cha hesabu. Bomba la maji lilikuwa limekauka, kwa hiyo mwenye kiu alinunua soda. Chai ya saa nne ilikuja tayari na sukari, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Kipindi kikarudishwa. Tangi likawekwa, maji ya mvua ya paa la nyumba za walimu yakaelekezwa humo baada ya kuchujwa na kutiwa dawa. Sukari ikaanza kuwekwa kando, kila mtu ajitilie.

Na uwanja ukafunguliwa. Madam alipanga michezo isiyo na mshindi mmoja: kuruka kamba, kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kutembea mzunguko wa mashamba ya chai tukiimba, ngoma zetu za nyumbani. Mimi nilikuwa mpiga filimbi, nikiwa nimekaa kwenye kiti, hadi nilipoachishwa gongo la kwanza. Chebet aligundulika kuwa hodari wa kurusha tufe. Hakuna aliyekuwa amempa tufe kabla ya siku hiyo.

Kisha ikafika zamu ya kantini.

Mkutano wa wazazi ulikuwa muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, kiangazi, majani ya chai yamesinyaa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukumbi pamoja na wawakilishi wa wanafunzi. Mwenyekiti wa bodi akasoma pendekezo: vitu vya kukaanga kwa mafuta na soda visiuzwe tena ndani ya shule. Watu wakageuka kumtazama Mama. Alikuwa amevaa leso yake nzuri. Akasimama.

"Mimi sikatai," akasema. "Msichana wangu ndiye yule pale. Nani anaweza kujua hii maneno kuliko mimi? Lakini mniambie. Miaka yote mlikuja kwangu, hata nyinyi walimu, mkasema mama Chelangat, weka mandazi moto. Leo mnasema ni sumu. Sasa mnataka niuze nini? Ama mnataka niende tu?"

Sauti yake ilikuwa imepasuka kidogo mwishoni, na nilitamani kuamka nimfuate, ila mguu wangu haukuwa wa haraka.

Aliyeamka ni Baba. Baba ambaye kwenye mikutano hukaa karibu na mlango ili aondoke mapema.

"Hizo mandazi," akasema, "mimi nilikula. Kila jioni. Na nikisikia mtoto amebakisha, nilimwambia amalize. Kwa hivyo kama ni kosa, asiwekewe mama peke yake." Akakohoa. "Mumpe wakati. Huyu mama anajua kupika. Atajua kupika kingine."

Alikaa. Mama hakumtazama, lakini nilimwona akiufungua mkono uliokuwa umekunja ncha ya leso. Nyumbani jioni hiyo walikunywa chai kwenye meza moja, na ndipo nilipotambua ni muda gani nilikuwa nimeishi nikisikiliza kimya chao.

Bodi ilimpa muhula huo. Ulikuwa muhula mgumu. Alipika viazi vitamu, nduma, mahindi ya kuchemsha, mayai. Alipanga ndizi na maparachichi kwenye sinia. Wanafunzi walikuja, wakachungulia, wakauliza, "Mandazi ziko wapi?" kisha wakaondoka. Wengine waliruka ua kwenda kununua chipsi barabarani. Mama alirudi nyumbani na masufuria yamejaa. Ng'ombe walikula viazi vitamu hadi tukaona haya kwa majirani. Mara mbili nilimkuta ameketi mbele ya karai lake kubwa la kukaangia, amelipindua, analipangusa, analiweka tena chini.

Waliookoa kantini ni wale wale wa timu. Nahodha wa mbio, msichana wa Kidato cha Tatu, alikuja baada ya mazoezi akaona nduma, akasema hicho ndicho anachopikiwa kwao kabla ya mashindano. Akala amesimama. Siku ya pili alikuja na timu nzima. Katika shule yetu wakila wakimbiaji, kila mtu anataka kula. Halafu ikaja baridi ya Julai, ule ukungu unaokaa juu ya chai hadi saa nne, na Mama akaleta uji wa wimbi uliochachushwa kidogo, moto, kwenye vikombe vya bati. Foleni ilifika hadi kwenye mlingoti wa bendera. Mwalimu mkuu alisimama ndani yake kama mwanafunzi, akipuliza viganja.

Mandazi hayakufutwa duniani. Mama hupika nyumbani siku ya Krismasi na wageni wakija, nasi tunakula na kufurahi. Hilo pia nataka lieleweke. Chakula hakikugeuka adui kwetu. Kogo ndiye aliyechukua muda mrefu kukubali. Kila nilipopungua kidogo alinishika mkono, akaupima kwa vidole, akamuuliza Mama kama nina minyoo. Siku hizi ananiwekea kikombe kimoja cha mursik, kimoja tu, na anakisimamia hadi nikimalize.

Nami sikuwa mwembamba. Sitaki mtu asome haya akitarajia hivyo. Niliendelea kukua, urefu ukafuata upana, mwili ukapata nafuu ya kupumua. Mguu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, na siku za baridi nyonga hunikumbusha kuwa ipo. Lakini ile nyingine haikuteleza. Kila picha, kila muhula, nilingoja kwenye benchi nikiwa nimeshika pumzi, na kila mara daktari alisema, "Imekaa."

Kwa mama wa Sigor, na wengine: mtoto wenu akichechemea, mnene au mwembamba, hata kama anasema ni goti, ombeni nyonga iangaliwe. Msikae na mafuta ya kukanda kama tulivyokaa sisi. Mkirudi nyumbani, pikeni chakula kimoja kwa watu wote. Msimpe mgonjwa sahani yake ya huzuni huku wengine wanakula vingine. Na kama shule inataka kusaidia, iwaulize watoto kwanza. Binti yenu akikataa kuongea, mpeni muda, ila awe na mtu kama Chebet wa kuja kumchekesha.

Kliniki yangu ya mwisho ilikuwa mwaka huu, mimi sasa nikiwa chuoni. Mama alisisitiza kunisindikiza ingawa nilimwambia naweza kwenda peke yangu. Daktari aliiinua picha, akaangalia nyonga zote mbili kwa muda mrefu, akaniambia mifupa imemaliza kukua na imefunga. "Hunihitaji tena," akasema. "Njoo tu kunisalimia." Mama alimshika mikono yote miwili, akawa anaitikisa tu.

Wakati tunangoja dawa, wauguzi walikuwa wanapima presha ya kila mtu mzima aliyekaa kwenye benchi. Mama alitoa mkono akiendelea kunisimulia habari za harusi. Muuguzi akapima. Akapima tena mkono mwingine. Akamwomba akae kando kidogo, akamweleza kwa upole kwamba presha yake iko juu, na Mama akatoka na tarehe ya kurudi. Safari hii kliniki ilikuwa yake.

Tulipokaribia nyumbani, akiwa bado ameshika mkoba kifuani, alisema, "Yule msichana ananiambia nianze kutembea. Mimi, ambaye nasimama kutwa nzima."

"Kusimama sio kutembea, Mama. Mimi huzunguka shamba kila asubuhi nikiwa nyumbani. Ni polepole tu, kwa ajili ya mguu."

Akatangulia kunifungulia geti. "Basi kesho ukiamka, niamshe."

Asubuhi kulikuwa na ukungu na umande mzito. Nilivaa sweta, nikaenda kubisha mlango wa chumba chao. Baba akaitikia kutoka ndani kwamba Mama hayupo. Nikafungua mlango wa nje. Alikuwa kwenye ngazi, amevaa viatu vya raba nilivyoviacha nilipokwenda chuoni, amefunga kamba mafundo mawili mawili, ananingoja.